Mlango wa Mkwe Wangu

Wewe umewahi kukaa nje ya dirisha la mtoto wako, unamsikia akikohoa, miguu yako iko mizima, mikono mizima, na huingii? Hujawahi. Basi kaa hapo kwa kiti, usijifanye kuna mahali unaenda. Mimi nilikaa siku tatu. Na mimi ndiye nilikuwa mkubwa wa wale wanaoingia.

Lakini wacha nianzie nyuma kidogo, maana nikianza na machungu utaniambia, "Dani, hiyo imetosha," halafu uende. Dani ndiyo jina wananiita sasa, nyanya, hata watu wenye si wa damu yangu. Zamani walikuwa wananiitanga nyamrerwa, mtu wa kuzalisha wanawake nyumbani. Mama mkwe wangu ndiye alinifundisha, huko upande wa Awendo, mahali miwa imejaa mpaka ukitoka choo unagongana na miwa. Shule nilifika darasa la tatu nikatolewa nikalee ndugu zangu wadogo. Najua kusoma jina yangu, na bango la duka, na Biblia kama mtu amenionyesha mahali. Lakini mtoto akikaa vibaya tumboni, mkono wangu unasoma bila mwalimu.

Sasa, miaka ya tisini ikaingia, na ule ugonjwa ukaingia nayo. Sisi tuliuita ayaki. Wazee wakakataa, wakasema ni chira, ile ya kukonda inakushika ukivunja mwiko. Chira ama ayaki, kukonda kulikuwa kumoja. Na mtu akianza kukonda hivyo, anafungiwa chumba cha ndani, pazia linashushwa. Ukiuliza, unaambiwa ako Nairobi. Mimi nilikuwa nashangaa hii Nairobi imebeba watu wetu wangapi. Kumbe Nairobi ni hapo nyuma ya pazia.

Chifu akaita baraza. Akasema kila kijiji kitoe mtu mmoja wa kusaidia wagonjwa manyumbani. "Nani anajitolea?" Watu wakaangalia viatu yao, na wengi hata viatu hawakuwa nayo. Kukanyamaza. Halafu mama mmoja, jirani yangu, mdomo yake ni shoka, akasema kwa sauti:

"Si huyu nyamrerwa? Ameshaona sisi wote uchi. Ataogopa nini tena?"

Watu wakacheka mpaka chifu akacheka. Wakapiga makofi, ikaisha. Hivyo ndivyo nilichaguliwa. Uongozi yangu ilianza na kuchekwa.

Tulifundishwa siku tano kwa kanisa. Kuvaa glavu. Kuosha kidonda na maji ya chumvi. Kutengeneza maji ya sukari na chumvi kwa mtu wa kuhara. Kumgeuza mgonjwa, kila mara kumgeuza, ndio mgongo usioze. Hiyo ya kugeuza niliishika sana, iweke kando, tutaihitaji. Siku ya mwisho afisa wa afya akatupatia begi nyeupe yenye mstari mwekundu. Akaniambia, "Mama, hii begi usiiache. Hii ndiyo itafanya watu wakujue."

Wakanijua kweli! Miezi miwili haikuisha. Mahali begi imeingia, kesho hakuna mtu ananunua maziwa kwa hiyo boma. Watoto wa hapo hakuna mtu anacheza nao. Mzee mmoja akanisimamisha kwa lango yake, kofia mkononi, kwa heshima kabisa:

"Nyamrerwa, mimi nakupenda sana. Lakini hiyo begi yako ipite barabara kubwa. Niko na msichana wa kuolewa hapa."

Nikarudi nyumbani, nikaitundika begi kwa msumari. Nikachukua kikapu yangu ya sokoni, ya makonge. Chini nikaweka glavu, pamba, dawa ya vidonda ile ya zambarau. Katikati sabuni ya mche. Kulikuwa na Mwislamu mmoja mwenye duka pale Awendo, kila Ijumaa ananikatia kipande na hasemi kitu, anakata tu na kunipatia. Juu nikafunika na gazeti. Na juu ya gazeti, omena, wale dagaa wa ziwani! Nikaanza kuingia kila boma. Kila boma, unanisikia? Kwa wagonjwa na kwa wazima. Kwa mlevi. Kwa mchungaji. Kwa chifu mwenyewe, mahali hata kuku hakohoi.

Bibi ya chifu akaniuliza, "Nyamrerwa, hii omena yako ni ya namna gani? Haiishi na haiuziki."

"Mimi ni mchuuzi mbaya, mama. Nipatie maji ya kunywa nipumzike."

Hivyo mtu hakuweza tena kujua ni nyumba gani nimeingilia ugonjwa na ni gani nimeingilia maji. Afisa alikuja kukagua, akakasirika. "Begi iko wapi?" Nikamwambia, "Imelala, afisa. Imefanya kazi sana." Akaandika kitu kwa kitabu yake. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Mtu mmoja hatoshi hiyo kazi. Nikatafuta wanawake wengine, tukakuwa saba, wengi wajane. Yule wa mdomo shoka akawa wa kwanza kuja. "Mimi ndiye nilikuchoma pale barazani," akasema, "sasa wacha tuungue wote." Kila Jumamosi tulikuwa tunaenda mtoni na shuka za wagonjwa na mablanketi, tunafua. Na pale mtoni ndipo tulikuwa tunalia. Si nyumbani kwa mgonjwa, hapana. Kwa mgonjwa unaingia umecheka. Lakini mtoni unapiga blanketi kwa mawe na unasema yote, na unatukana, na unamwigiza mzee fulani ameficha redio yake asiibiwe na mgonjwa. Tulicheka vibaya huko. Mtu akipita angefikiri tumelewa. Ukianika shuka ya mwisho, umemaliza. Hakuna kurudi nyumbani na nyumba ya mwingine kichwani.

Siku moja, mmoja wetu hakuja. Tukaenda kwake. Tukamkuta anashikilia kijana wake, anamwongelesha, anamuuliza kama uji iko na sukari ya kutosha. Kijana alikuwa amekufa tangu jana. Alikuwa amemuuguza peke yake wiki nne bila kutuambia.

Baada ya hapo nikaweka sheria. Nikasema pale mtoni, mikono yetu yote ikiwa ndani ya povu: mtu asimuuguze wake peke yake. Wako akianguka, uje useme hapa. Mwingine ataingia, wewe utapika uji. Maana jicho la mama linaona mtoto, halioni kidonda. Wote wakakubali. Yule wa mdomo shoka akasema, "Na mwenye ataficha, tutamfua yeye." Tukacheka. Mimi ndiye nilicheka sana.

Halafu nikawa mtu wa kusikika. Barazani nilikuwa nasimama nasema, "Mlango si ukuta. Ingieni." Kulikuwa na mzee, bibi ya kijana yake alikuwa mgonjwa na kijana yuko kazi mbali. Unajua kwetu baba mkwe haingii mahali kijana yake na bibi yake wanalala, hiyo ni mwiko kubwa, na pia bibi ya kijana haruhusiwi kushikwa na baba mkwe. Yule mama alikuwa analala kwa maji yake mwenyewe, na mzee anatembea nje, anazunguka nyumba. Nikamwambia mbele ya watu:

"Mzee, mwiko hauoshi mgonjwa."

Halafu akavua koti, akaingia, akambeba mama wa watu mikononi akamtoa kwa jua. Watu walizungumza hiyo kitu mwezi mzima. Wengine walimtukana. Lakini yule mama aliishi mpaka mvua ya pili, na alikufa msafi. Na mimi nikasifiwa. Nilikuwa napita sokoni kama mtu amemeza jua. Sasa ngoja.

Mimi nilikuwa na binti mmoja. Wavulana iko, lakini msichana ni huyo tu, wa mwisho, mcheshi, mdomo mingi kama mimi. Aliolewa upande wa Homa Bay, karibu na ziwa. Bwana yake alikuwa dereva wa lori. Si mtu mbaya. Nataka usikie hivyo kutoka sasa, maana utataka kumchukia na itakuwa rahisi sana.

Ng'ombe za mahari hazikuwa zimeisha. Na mimi, kama mama wa msichana, maro kwa lugha yetu, nilikuwa bado sijapelekwa kwa heshima na wanawake wenzangu, sijachinjiwa, sijala kwa hiyo nyumba. Hata baada ya kula, maro haingii chumba ya kulala ya mkwe wake. Haoni kitanda yake. Akiona, ni aibu ya watu wawili, na watu wanaogopa watoto watalipia. Hiyo nilizaliwa nikaikuta.

Sasa siku ya soko, mama mmoja mwenye anatoanga omena huko ziwani akaniwekea samaki kwa kikapu, akanishika mkono, akakawia kuuachilia.

"Nyamrerwa, nilipita kwa msichana wako."

"Hajambo?"

"Alisema nisikuambie."

Basi. Mimi nikajua yote, maana hiyo ndiyo kazi yangu kujua. Nikauliza tu, "Amekonda?" Akasema, "Ako na pazia."

Ungekuwa wewe, ungefanya nini siku hiyo? Usiniambie. Mimi nilirudi nyumbani nikapepeta mahindi. Nikajiambia, maro haendi bila kuitwa, ngoja waniite. Jumamosi nikaenda mtoni. Nikafua. Wenzangu sita hawa hapa, povu hii hapa, sheria yangu mwenyewe inaelea hapo juu ya maji, na sikufungua mdomo. Ilinijia kooni mara mbili. Yule wa mdomo shoka aliniuliza, "Leo wewe umemeza nini?" Nikasema ni jino inauma.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza hiyo swali miaka mingi kuliko umri wako. Ni aibu, hakuna jina ingine. Mkubwa wa kuingia kwa watu, halafu ugonjwa umeingia kwake. Nilikuwa nimewaambia watu wote hakuna aibu, na nilikuwa nimejiwekea aibu yangu kando, kama mtu ameweka sukari kwa kabati.

Jumamosi mbili nilificha. Halafu nikashindwa. Nikabeba unga na sukari, nikavaa nguo ya kanisa, nikasafiri, Rongo nikabadilisha gari, nikafika jua ikiwa juu. Kikapu nikaacha nyumbani. Nilifikiri, nikienda mikono mitupu, mtoto wangu hatasemwa.

Mama wa mkwe wangu akanipokea kwa nyumba yake. Alinikalisha, akanipatia maji, akasema, "Ni malaria tu, mama, analala." Nikasema, "Malaria ni mbaya." Tukakaa hivyo, wanawake wawili wazima, tunadanganyana kwa heshima. Yeye alijua mimi nafanya kazi gani. Alikuwa anaangalia mkono wangu kama utatoa begi nyeupe.

Nyumba ya binti yangu ilikuwa hatua kumi na mbili kutoka hapo. Nilizihesabu. Chumba mbili, ya kukaa na ya kulala. Nikaweka kiti nje, chini ya dirisha ya chumba ya kulala, kwa kivuli cha ukuta. Hapo maro anaweza kukaa. Hakuna mwiko imekataza ukuta.

"Mama?" akasema kutoka ndani.

"Niko hapa, mama yangu." Mimi nilikuwa namwitanga mama, maana alibeba jina la mama yangu.

"Ulikuja na ile begi?"

"Sikuja nayo."

"Na ile kikapu?"

"Hata kikapu."

Akacheka, halafu kicheko ikageuka kikohozi. "Asante. Hapa wanajua hata omena yako. Imefika mpaka Homa Bay."

Tuliongea hivyo kwa dirisha. Aliniuliza habari ya ng'ombe, ya yule jirani wa mdomo shoka. Mimi namuuliza, "Unageuzwa?" Anasema, "Nageuzwa." Kumbe wa kumgeuza ni nani? Bwana yake alikuwa anaogopa kumshika, hakuna mtu alimfundisha, na alikuwa anaona aibu kuuliza. Mama mkwe wake mgongo ulikuwa mbaya. Wa kuingia na kutoka alikuwa mtoto wao, msichana wa miaka saba. Anaingia na uji, anatoka na kikombe imejaa vile iliingia. Nikaanza kumfundisha pale nje, kwa sauti ya chini. Weka mkono chini ya bega. Vuta leso, usivute mtu. Anaingia anajaribu, namsikia anahema, halafu anatoka:

"Dani, mama ni mzito."

Mifupa mitupu, na alikuwa mzito kwa mtoto. Na mimi, mwenye nimegeuza wanaume wa boma nzima, niko kwa kiti.

Siku ya kwanza ikapita. Ya pili. Nilikuwa naenda kulala kwa nyumba ya mama mkwe wake, narudi kwa kiti. Siku ya tatu asubuhi yule mtoto akatoka mbio.

"Dani, mama anasema uingie. Anasema anasikia baridi, uingie sasa."

Nikasimama. Mungu anajua nilisimama. Nikafika mpaka mlangoni, mguu mmoja ukapita. Na mkwe wangu akawa hapo, ametoka ndani, ameinamisha kichwa hajaniangalia uso, vile inatakiwa. Hakunifukuza. Alisema pole pole:

"Maro. Tafadhali. Usinivue nguo mbele ya watu."

Hiyo tu. Ningekuwa na mtu wa kunisukuma, ningemsukuma. Mtu wa kunitukana, mdomo ninayo. Lakini aliniheshimu. Na mimi, nikaheshimika! Mguu ukarudi. Nikasema, "Basi, mfunike blanketi ingine," kama daktari anaandika dawa na kwenda. Nikarudi kwa kiti. Maneno yote nilikuwa nimefundisha watu, mlango si ukuta, mwiko hauoshi mgonjwa, yalikuwa yamebaki Awendo kwa msumari na ile begi.

Alikufa mchana huo, mtoto wake amekaa kwa kitanda anamshika mguu.

Na unajua nini? Mlango ukafunguka. Mtu akifa, kila mtu anaingia. Hata maro. Waliniita wenyewe, "Mama, ingia umwone." Nikaingia. Nikamgeuza. Mgongo yake, wewe, sitakuambia yote. Vilikuwa vidonda ninavijua mimi kuosha. Si vidonda vya ajabu. Maji ya moto, chumvi, siku mbili, mtu anapata kulala kwa upande. Sikuweza kumponya, miaka hiyo dawa haikuwa, hata waliokuwa na pesa walikuwa wanakufa. Lakini hakutakiwa kufa na hiyo mgongo. Si mtoto wa nyamrerwa.

Nikarudi kwetu baada ya mazishi. Wanawake wangu walikuwa wamesikia. Jumamosi nikaenda mtoni, nikashika shuka. Yule wa mdomo shoka akaivuta kutoka mikononi mwangu.

"Weka chini."

"Wacha nifue."

"Weka chini, nimesema. Ulitufichia?"

"Mngefanya nini? Ni nyumba ya mkwe. Mimi ni maro, ningeingiaje?"

Akapiga ile shuka kwa mawe, maji yakaruka kwa uso yangu. Halafu akasema, na hakuwa anapiga kelele, na hiyo ndiyo iliniua:

"Wewe ni maro. Mimi si maro. Hawa watano si maro. Huyo kijana si mkwe wetu. Tungeingia sisi."

Nikakaa chini kwa matope. Unaona sasa? Unaona ile kitu ilikuwa mbele yangu Jumamosi mbili na sikuiona? Mwiko ilinifunga mimi peke yangu. Haikufunga jirani yangu. Angepanda gari na mimi, angeingia hiyo chumba amecheka, angemtukana mkwe wangu kidogo, angemgeuza mtoto wangu, mkwe angebaki na nguo zake na binti yangu angebaki na mgongo. Sheria niliiweka mwenyewe. Mtu asimuuguze wake peke yake. Niliiwekea watu.

Hawakunifukuza. Ningependa wangenifukuza. Walinifua tu vile waliahidi: miezi mitatu hawakuniruhusu kushika shuka hata moja, nakaa juu ya jiwe naangalia, na hakuna mtu analia na mimi. Nikapeleka begi kwa dispensari nikasema nimeacha. Sista akaipokea. Wiki ya pili yule mzee aliyembeba bibi ya kijana yake akaja kwangu, akasimama nje ya mlango.

"Nyamrerwa, ndugu yangu analala kwa maji yake. Bibi yake amekimbia."

"Nimeacha hiyo kazi, mzee."

"Mimi sikuuliza kama umeacha." Akavua koti. "Ulinifanya nitukanwe na ukoo wangu wote. Sasa chukua kikapu tuende."

Nikachukua. Baadaye kidogo wakatuita semina kwa hoteli moja Homa Bay mjini, tukakunywa chai na mandazi, na mwanamke mmoja mzuri, kijana, akatuuliza mmoja mmoja, "Ni nini inakupatia nguvu uendelee?" Wengine wakasema Mungu. Wengine wakasema upendo. Ikafika kwangu. Nikasema, "Hasira." Akafikiri hajasikia vizuri, akauliza tena. Nikasema tena hasira. Akaandika upendo. Cheti niko nayo, iko kwa sanduku, imeandikwa kitu kuhusu uongozi. Nilisomewa.

Yule mtoto wa binti yangu nikamwomba kwa watu wa baba yake, na wakanipatia, bila maneno mingi. Nafikiri mkwe wangu alikuwa analipa kitu. Yeye mwenyewe alifuata bibi yake mvua ya pili, na kabla afe nilisikia anaugua peke yake kwa hiyo chumba. Hapo nilituma jirani yangu wa mdomo shoka na wengine wawili. Hao waliingia. Walimwosha, walimgeuza, alikaa siku tisa na alikufa msafi. Nilifanyia mkwe kitu sikufanyia mtoto wangu. Meza hiyo, uniambie inapita wapi.

Yule msichana alikuwa ananifuata kila mahali na hakuwa anauliza. Alikuwa amefika miaka tisa, tuko wawili jikoni tunachambua omena, akasema bila kuinua kichwa:

"Dani, siku ile nilikuita. Ulifika mlangoni ukarudi."

Omena ikabaki mkononi mwangu. Ningeweza kumwambia habari ya mila. Ningeweza kumwambia alikuwa mdogo, hakuona vizuri. Nikasema, "Ni kweli. Uliniita nikarudi. Niliogopa aibu."

"Na ile shoka?" Hivyo ndivyo alikuwa anamwita jirani yangu, mbele yake pia. "Yeye angeingia?"

"Angeingia."

"Na hukumwita."

"Sikumwita."

Akachambua mbili tatu, akatupa mchanga kando. Nilifikiri ameniacha. Halafu akafuta mikono kwa nguo yake, akanishika kidole, hiki hapa, cha gumba, akakishika kama mtu anashika mwizi.

"Basi sikia, Dani. Siku yako ikifika, mimi nitaingia. Na kama kutakuwa na kitu imenikataza kuingia, sitakaa kwa kiti. Nitatafuta mwenye hakukatazwa."